Nilisahau Baruti, Sikusahau Jina Langu

Stony Run, Pennsylvania
21 Januari, 1997

Mpendwa mdogo wangu Lamar,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi hii ya kukata masikio. U hali gani huko Arizona? Hilo goti lako jipya limekubali kupanda ngazi, au bado linakutesa? Na wifi yangu Marlene, kifua chake kimetulia? Picha ya ule mpungate mliouvisha taa za Krismasi nimeibandika kwenye friji, na kila anayeingia hapa anacheka. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naendesha gari, naitukana theluji.

Hilo la uzima nimelitanguliza makusudi, maana najua Dwight amekupigia simu. Lorraine, mkewe, hawezi kuficha jambo hata umfunge mdomo, na ndiye aliyeniambia. Eti mwanangu amekuomba, "Mjomba, sema naye mama, wewe atakusikia." Nikusikie wewe tangu lini, Lamar? Ulipokuwa na miaka sita ulinishauri nimpake paka rangi ya banda la ng'ombe, na nikachapwa mimi.

Sasa kaa kitako usome upande wangu.

Ilikuwa Septemba iliyopita, kwenye mashindano ya klabu yetu ya magobori, palepale ulipokuwa unaning'inia kwenye uzio utotoni ukila mahindi. Nilikuwa na lile gobori langu nililochonga na baba majira ya baridi nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimebakiza risasi moja, na nilikuwa wa pili. Basi Harlan Moyer akaja kusimama ubavuni kwangu wakati napakia, anisimulie mawe yake ya figo. Jiwe la kwanza, jiwe la pili, lilivyotoka, lilikuwa na ukubwa gani. Mimi nikatia kitambaa, nikatia risasi, nikasukuma kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, mpaka chini, nikaweka baruti kidogo ya kuwashia kwenye kisahani cha nje, nikalenga, nikafyatua. Jiwe la gumegume likatoa cheche, kisahani kikawaka fyuu, basi. Kimya. Nilikuwa nimesahau kutia baruti ndani ya mtutu.

Wewe unajua kinachofuata. Mstari mzima wa wapigaji ulipiga kelele kama ng'ombe, wakaniletea ile kengele ya kila anayesahau baruti, wakanivisha shingoni. Nikaivaa mpaka jioni kwa sababu hakuna mwingine aliyekosea baada yangu. Nilikula keki nayo, nilikwenda chooni nayo. Bingwa wetu wa mwaka ule alikuwa ameshaivaa mara mbili kiangazi hichohicho. Marehemu mume wangu Elwood aliivaa siku ya harusi ya dada yake, maana alitoka klabu akaenda kanisani moja kwa moja. Hakuna mtu wa magobori ambaye hajapakia risasi bila baruti. Anayesema hajawahi, basi hajapiga, au ni mwongo.

Lakini aliyekuja kunichukua siku hiyo alikuwa Dwight. Unajua kazi yake ni kukagua lifti, na mtu akikagua lifti miaka ishirini huona kila kitu kiko karibu kuanguka. Akauliza kengele ya nini. Harlan, kwa domo lake, akamweleza huku anacheka. Dwight hakucheka. Njia nzima aliniuliza mambo ya ajabu ajabu: leo siku gani, mama, jana ulikula nini. Nikamwambia jana nilikula maini na vitunguu, na leo nitamla yeye.

Siku mbili baadaye alikuja na gari, akachukua gobori langu na lile la baba yake, akachukua na baruti yote, akayafungia kwenye kabati la gereji yake. Ufunguo akautia mfukoni.

"Ni kwa usalama wako, mama."

"Usalama wangu umeutoa wapi wewe? Nilikuwa nafyatua gobori hili wakati mimba yako hata haijatungwa."

"Mama, una miaka sabini na saba. Umesahau baruti."

"Nilisahau baruti! Sikusahau jina langu. Sikusahau jina lako, ingawa sasa hivi natamani."

Hakurudi nyuma. Mkaidi kama mimi. Lamar, nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikautazama ukuta mtupu yalipokuwa yametundikwa, na nilikasirika mpaka meno yakaniuma. Miaka sitini na sita nimekuwa na gobori mikononi. Wengine wana kanisa, wengine wana bustani. Mimi nina ile harufu ya baruti kwenye mkono wa koti, na ile nusu ya pumzi kati ya cheche na mlio, ambayo unapaswa kusimama imara bila kutikisika. Hapo ndipo ninapojijua. Mtu akininyang'anya hilo kwa maneno matamu, hata kama nimemzaa, nitampinga mpaka mwisho.

Basi Oktoba nikaenda kwa daktari mwenyewe, bila kuambia mtu. Nilitaka karatasi yenye muhuri nimpige nayo Dwight usoni. Hapa, mdogo wangu, nakuambia wewe peke yako, na Marlene kama huwezi kujizuia. Daktari alinitajia maneno matano: tofaa, meza, mto, kofia, chungu. Tukazungumza mambo mengine kidogo, kisha akaniambia niyarudie. Nikapata matatu. Mto na kofia vilikuwa vimeshaondoka, na nilivitafuta, Lamar, nilivitafuta kwa jasho. Akaniambia kwa upole kwamba huenda ni mwanzo wa kitu, na kwamba kitu hicho kinaweza kwenda polepole sana. Nirudi baada ya miezi sita.

Karatasi ya kumpiga Dwight sikuipata. Nilikaa ndani ya gari pale nje nikalia kidogo, halafu nikakasirika upya. Kama ni kweli kitu kimeanza, basi ndiyo sababu zaidi ya kutokaa jikoni nikitazama ukuta.

Krismasi ikapita. Tarehe ishirini na sita, msimu wa kuwinda kwa magobori ya gumegume unapofunguliwa, nilivaa suruali ya sufi ya Elwood, nikajitundika pembe ya baruti, maana ilikuwa tupu lakini ni yangu, nikaendesha kwenye theluji mpaka kwa Dwight. Walikuwa wanakunywa kahawa. Nikamwambia, "Nipe gobori langu, la sivyo nitakaa hapa hapa mlangoni mpaka nigande, na utawaeleza majirani."

"Mama, ingia ndani kwanza."

"Siingii."

Lorraine akasema kutoka jikoni, "Dwight, mpe mama yako bunduki yake, baridi inaingia!"

Akatoa ufunguo, akaniletea gobori na baruti. Lakini akasema anakwenda na mimi, kila hatua. Yeye ambaye tangu utoto alikuwa akiona tunachuna kulungu anakimbilia juu chumbani! Nikasema njoo, ila ufunge mdomo.

Tulipakia pale penye daraja la kijito. Alinisimamia kama mkaguzi. Kisha tukapanda kule juu kwenye miti ya mialoni, tukakaa kwenye gogo. Tulingoja saa nzima. Nikamwona anapuliza vidole, pua nyekundu, na moyo ukaanza kunilainika, nikauzuia.

Ndipo jike la kulungu likashuka, peke yake, taratibu, likasimama kama hatua arobaini. Nikainua gobori. Nikavuta mtambo nyuma polepole usitoe sauti. Na hapo hapo, Lamar, akili ikawa nyeupe. Sikujua kama nimetia baruti. Nilijiona pale darajani, niliona mikono yangu, niliona mdeki, lakini baruti sikuiona. Huwezi kuingiza mdeki mtutuni upime kama baruti imo wakati mnyama amesimama anakutazama. Nikabaki nimelenga bila kufyatua. Na sikuogopa kumkosa kulungu. Niliogopa Dwight atajua.

Akajua. Alisogeza mdomo karibu na sikio langu akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Umetia, mama. Nimeona kwa macho yangu."

Nikafyatua. Gobori likalia, moshi ukatufunika wote wawili, na ulipoondoka jike lilikuwa limelala palepale. Dwight alikuwa anakohoa na kufuta macho, akasema ni moshi. Nikamwachia uongo huo.

Tukiwa tunamburuta yule kulungu kwenye theluji, nikamweleza ya daktari, maneno yote matano na yale mawili yaliyonikimbia. Alisimama, akashika kamba, akauliza tu miezi sita inaisha lini, anipeleke. Jioni hiyo akalifungua kabati. Gobori langu liko ukutani kwangu ninapoandika haya, na la baba yake pia. Tumekubaliana nitapiga yeye akiwapo, na nikigombana naye tutagombania hukohuko msituni. Mwaka Mpya tulikula nyama ya nguruwe na kabichi chachu, na alirudia kisa cha kulungu mara nne, kila mara hatua zikiongezeka.

Kwa hiyo akikupigia tena, usimwonee huruma, wala mimi usinionee. Wala usianze kuniuliza kwenye simu leo siku gani. Nakujua.

Nisalimie Marlene, na binti yenu Corinne na mumewe, na yule mzee jirani yenu anayekaanga soseji nje wakati wa joto kali. Lorraine anakusalimu, Dwight anakusalimu, Harlan naye anakusalimu pamoja na figo zake. Mungu awalinde kwenye hilo jua lenu na akupe goti la kukufikisha huku Septemba.

Neno la mwisho, na ulishike. Siku itakapofika ya kuliweka chini gobori, nitaliweka mwenyewe, na nitakuandikia mwenyewe kukuambia. Barua hiyo ikija kwa mwandiko wa mtu mwingine, hata ukiwa wa mwanangu, usiiamini.

Dada yako akupendaye, mwenye akili zake,

Verna