Sindano ya Nyoka Bado Iko Kilosa

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo nimemchukia kifutu kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu yeyote. Kamuuma Dotto, binti wa Mzee Budeba, yule mfugaji wa Kisukuma wa kule bondeni. Alikuwa anapalilia mpunga. Waliomleta walishamkaza kamba gotini, mguu umevimba, ngozi inang'aa. Mtoto mzuri, ana mchumba, mahari imeshapangwa.

Daktari Elineema akailegeza kamba taratibu, akamtundikia dripu, akaniuliza mimi nesi wake kwa sauti kama tuna sindano ya nyoka. Anajua hatuna! Nadhani aliuliza ili hata kuta zisikie. Kituo chetu cha Mikumi kina wodi, kina maabara, kina friji jipya. Sindano ya nyoka hamna. Ziko Kilosa.

Akapiga simu Kilosa. Akajibiwa mgonjwa apelekwe huko. Akaeleza gari la wagonjwa limeondoka na mjamzito, njia ni tope tupu — je, dawa haiwezi kuja? Haiwezi. Ndio utaratibu. Akampigia mwingine, na mwingine tena, kwa adabu ileile, shikamoo mkuu, samahani mkuu, na mkono wa pili kaukunja ngumi mfukoni. Mimi ningeshatukana.

Mwisho alitoka mbio mpaka barabara kuu, akasimamisha pikapu ya nyanya. Dereva alitaka kubisha, akamtazama usoni, akaanza kusogeza matenga. Wameondoka hivyo, Dotto kalazwa katikati ya matenga, Daktari kapiga magoti nyuma akiishika dripu juu. Na viatu vyake vile anavyovifuta kila asubuhi.

Jumatano, 5 Februari

Mguu wa Dotto umekatwa chini ya goti. Sindano waliipata, ila walichelewa. Yu hai, alhamdulillahi.

Daktari amerudi. Kanipa shikamoo yake ya kila asubuhi (ananizeesha, lakini ndivyo walivyomlea), kaona wagonjwa wote, hakula. Jioni akasema jambo moja tu, kwamba binti alimuuliza kama mguu utaota. Basi akaenda kunawa mikono. Kanawa mpaka nikataka kumfungia bomba.

Ijumaa, 14 Februari

Siku yake ya mapumziko, na yeye yuko wapi? Kilosa. Kaondoka na pikipiki yake, kalala Mabwerebwere kwa rafiki yake aliyefanya naye kazi hospitali ya Berega, asubuhi yuko kwenye benchi la ofisi ya Bwana Laurent. Huyo ndiye mwenye kugawa dawa zote zinazokuja huku. Tuliposikia tukamcheka. Mpare kashapata kesi! Wapare tunawatania kwamba watauza ng'ombe kuendesha kesi ya mbuzi. Yeye akatujibu kwamba kwao ng'ombe wameshaisha, sasa anauza usingizi.

Kasimulia. Bwana Laurent si mtu mbaya, hata chai alimpa. Ila dawa ile ni ghali, na mwaka juzi iliharibikia kwenye kituo kimoja bila kutumika, na aliyesulubiwa ni yeye. Kwa hiyo anapeleka penye wagonjwa wa nyoka. Na Mikumi, kwa hesabu zake, wagonjwa wa nyoka hamna.

Hamna! Wako kwa waganga. Wako majumbani wanapaka majivu. Nani atakuja kulala kwetu atazamwe tu?

Daktari alimwambia hivi, na ameyarudia kwetu neno kwa neno: "Mkuu, unaniuliza wagonjwa wako wapi. Wako nyumbani kwa sababu dawa haiko kwangu. Tukisubiriana hivi, wa kwanza kuchoka ni mgonjwa."

Bwana Laurent akasema atafikiri. Daktari akasema vizuri, atarudi wiki ijayo kusikia alichofikiri. Mimi ndiye mkubwa kwake kwa umri, lakini nilipomsikia nilitamani ningekuwa na moyo wa namna ile nilipoanza kazi.

Jumapili, 23 Februari

Karudi Kilosa tena wiki hii, na safari hii katoka na kitu. Bwana Laurent na wenzake wawili watakuja wenyewe kuangalia. Daktari anataka wawakute watu waliowahi kuumwa, wawaone kwa macho.

Basi leo kanibeba kwenda kwa Mzee Budeba. Sikutaka. Ng'ombe wa watu hao walilala kwenye mahindi ya kaka yangu Mudi mwaka jana, na kesi imekufa kifo cha kawaida. Mudi akisikia nimekunywa maziwa yao! Nimekunywa. Matamu.

Daktari alimpa mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba, halafu akajaribu salamu ya Kisukuma, "mwangaluka", kwa wale wamama. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Dotto alitoka na magongo. Hakucheka, hakulia. Alimwonyesha Daktari jinsi anavyoweza kugeuka bila kushika ukuta.

Daktari akaomba wazee wawatafute walioumwa, waje siku ya wageni. Akawafundisha vijana pia: ukiumwa usifunge kamba, usichanje, uegemeze mguu kwenye kijiti usicheze, uje. Masunga, mtoto wa mzee, alifuatisha kila kitu kwa mikono. Mzee Budeba akauliza watu wangapi. Daktari akasema, wengi iwezekanavyo. Mzee akatikisa kichwa, akasema hiyo ni kazi ndogo.

Hatukumuuliza ataifanyaje hiyo kazi ndogo. Tungemuuliza!

Alhamisi, 6 Machi

Saumu, joto, wajawazito wengi. Wageni ni Jumanne. Daktari kasafisha friji la dawa mwenyewe na kuacha rafu moja tupu. Kila nikilifungua naiona ile rafu. Nimemwambia anajichulia. Kasema anaizoesha.

Jumanne, 11 Machi

Acha niandike kabla ya futari.

Asubuhi wageni walifika mapema, na walioumwa walikuwa wamekaa kwenye benchi watatu tu. Watatu! Bwana Laurent akawatazama, akamtazama Daktari. Masunga naye aliona. Akatoka nje ya geti na kupiga mwano.

Mwano ni yowe la Wasukuma. Mwizi kaingia, ng'ombe wameibwa, simba kaja, linapigwa, na anayelisikia analipokeza kwa mwenzake mpaka mwisho wa bonde. Atakayebaki nyumbani wanamtoza faini. Na hakuna anayetoka mikono mitupu. Masunga alidhani anaita mashahidi!

Wakaja. Yesu na Maria, kama anavyosema Magdalena wa maabara. Walioumwa na wasioumwa, fimbo, mikuki, pinde, wanakimbia. Na watu wetu wa mjini waliposikia lile yowe wakajua ni vita ya wakulima na wafugaji imerudi. Wakaja nao na mapanga. Mbele yao nani? Mudi. Kaka yangu, kavaa kanzu ya swala, kashika panga.

Dereva wa wageni akaanza kurudisha gari nyuma. Mgeni mmoja alijifungia stoo ya vyandarua. Mimi nilisimama mlangoni, nikijua mtu akirusha jiwe moja tu basi, tutashona mpaka kesho.

Daktari akateremka ngazi. Hakupaza sauti. Alikwenda moja kwa moja kwa Mudi, akampa salamu, akamuuliza hali ya mama. Mudi akajibu kwa mazoea, mama hajambo. Daktari akamwambia kuna wazee wamekuja wamesimama juani, amsaidie kutoa viti vya ukumbini. Kisha akamgeukia Masunga, akamwomba alete lile benchi refu, washikane watu wawili.

Basi huwezi kubeba viti na panga. Mudi alilitazama panga lake, akavitazama viti, akalilaza kwenye majani. Masunga akaiegemeza fimbo ukutani. Na wengine wakaanza kutumwa hivyo hivyo, wewe maji, wewe turubai, wewe mshike bibi huyu. Alikuwa anagawa kazi kama mwenye harusi! Nimefanya kazi na madaktari wenye vyeo na sijawahi kuona akili iliyotulia hivyo.

Walipokaa, Dotto akaja katikati na magongo yake. Akapandisha kitenge, kile kigutu kikaonekana. Akasema, bila kumwangalia mtu, "Mimi dawa niliikuta Kilosa. Mguu niliuacha njiani."

Daktari akasema aliyewahi kuumwa na nyoka apandishe suruali. Wa kwanza alikuwa wa kwetu — Bi Shamimu, muuza vitumbua, aliyenifundisha Kurani. Kovu jeusi kuzunguka muundi mzima. Miaka yote nilidhani anavaa soksi kwa ajili ya baridi! Halafu wafugaji wakaanza, mmoja, mwingine, halafu wakulima, na wengine walionyesha mikono, na baba mmoja vidole ambavyo havipo. Wakawa wanatazamana miguu. Mzee Budeba na mzee mmoja wa mahindi walilinganisha makovu na kubishana ni nyoka gani aliye mbaya zaidi.

Bwana Laurent alipita mbele yao wote, polepole, miwani kaivua. Akarudi kwa Daktari akamuuliza, na zikiharibika bila kutumika?

Daktari akasema, "Andika jina langu."

Nililia. Nimesingizia saumu.

Jumatano, 12 Machi

Kituo kizima kinamwigiza Daktari: shikamoo, hebu nisaidie kiti. Yeye kachukia kweli lakini kwa jambo jingine. Anasema watu wangeweza kuuana kwa sababu yeye hakumuuliza mzee swali la pili. Nimemwambia hata mimi sikuuliza, na mimi ndiye mwenyeji. Hakufarijika. Huyu mtu anaidai nafsi yake zaidi ya anavyowadai wakubwa, na wakubwa anawadai mno.

Mudi hazungumzi nami. Anasema nilimfanya mbeba viti mbele ya wafugaji. Nani kamfanya? Si mimi!

Jumanne, 18 Machi

Bado. Ahadi ipo, sahihi ipo, gari la kuleta boksi limeharibika. Likapona gari, dereva kafiwa. Daktari anapiga simu kila asubuhi kabla ya kumwona mgonjwa wa kwanza, sauti ileile, mkuu habari za asubuhi. Leo nimemkuta kasimama mbele ya friji, mlango wazi, anaiangalia rafu yake. Nikaufunga mlango taratibu, nikampa faili.

Jumamosi, 22 Machi

Mchana. Boksi linakuja! Daktari amechoka na magari, amemwomba Simoni, bodaboda wa Kilosa, na Bwana Laurent kamkabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Sindano zimezungukwa na barafu. Simoni kapiga simu kasema amefika Ulaya — Ulaya yetu hii, kijiji cha njiani — na Magdalena kapita wodi zote akitangaza kwamba dawa inatoka Ulaya. Wagonjwa wakapiga makofi.

Alasiri. Mvua. Kalamu inakwaruza, nimekaa kwenye benchi la nje.

Masunga kapiga simu. Alikuwa anapitisha ng'ombe kando ya shamba la Mudi. Kamkuta Mudi chini. Kifutu. Kwenye kifundo cha mguu, kabla kidogo ya saa tisa. Nilimsikia Mudi nyuma ya simu akisema msimwambie dada.

Daktari aliichukua simu mkononi mwangu. Kamuuliza Masunga kama amefunga kamba. Hakufunga. Kaunyoosha mguu juu ya fimbo yake, kauzungushia shuka, anamleta kwa pikipiki ya kuazima, jirani kakaa nyuma kumshikilia. Daktari kamwambia, "Umefanya sawasawa kabisa, baba. Njoo polepole."

Kisha akampigia Simoni. Simu inaita, haipokewi. Kuna mto kabla ya kufika kwetu, na mvua hii. Kapiga tena. Kanitazama, akasema nitoke, leo mimi ni ndugu wa mgonjwa, si nesi. Nilitaka kubisha, akanitolea kiti. Kwa adabu ileile. Nikakaa. Kweli inafanya kazi.

Kutoka hapa namwona dirishani. Kapanga kila kitu mezani, dripu, mabomba ya sindano, saa yake ya mkononi. Friji kaliacha wazi. Simu iko sikioni.

Mzee Budeba kaja na mvua, kasimama chini ya paa, kofia mkononi. Bi Shamimu yuko pembeni yake anavuta tasbihi.

Nasikia pikipiki. Inatokea upande wa barabara kuu, lakini Simoni na Masunga wote watapitia huko. Mzee Budeba kainua kichwa. Daktari katoka mlangoni na glavu zake, mvua inamnyeshea.

Ni moja tu. Taa yake naiona, aliyepanda bado simtambui, kama ni dawa inayokuja au ni kaka yangu.