Hotpoti ya Kijani ya Malaba

Mpendwa Baba,

Nakuandikia nikiwa chumbani kwangu hapa Burumba, Busia. Nimepika, nimekula nimesimama kando ya jiko, nimeosha sahani moja. Tangu tukuzike nimekuwa nikila hivyo, maana nikiketi naanza kukutazamia mlangoni.

Jana nilienda Malaba na hotpoti yako ya chakula, na hakuna mwingine ninayeweza kumweleza yaliyotokea akanielewa.

Unakumbuka ilivyoanza? Nilikuwa mgeni kazini, mkaguzi wa dawa mwenye koti jeupe ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Tukimaliza kukagua maduka ya dawa ya Malaba, naingia hoteli, naagiza chai na chapati, na nikitaka kulipa naambiwa imeshalipwa. Nani kalipa? Mhudumu anatazama pembeni. Nikihamia hoteli nyingine, mambo ni yale yale. Nikaanza kushinda njaa, nisije nikawa na deni la mwenye duka ninayemkagua. Nilipokusimulia, ulicheka mpaka ukakohoa, halafu ukauliza nitakuwa Malaba tena lini. Siku hiyo ukaja kwa baiskeli kutoka nyumbani, njia yote ile ya Kocholia, na hotpoti ya kijani imefungwa nyuma kwa mpira. Ndani mlikuwa na atapa, ugali wetu wa wimbi na muhogo, na kunde zilizoungwa kwa njugu. Tulikula kwenye ngazi za lile ghala lililofungwa, malori yamejipanga mbele yetu kuelekea Uganda, na wewe ukamwagiza mkaguzi wa serikali anawe mikono vizuri.

Ikawa desturi yetu. Nikipangiwa Malaba nakupigia asubuhi, nawe unakuja. Sikuwa na mtu mwingine wa kula naye, Baba. Wenye maduka waliniogopa, wenzangu walikula ndani ya gari wakiangalia simu. Wewe tu ndiye uliyefurahi kuniona mtaa ule.

Kisha milango ikaanza kufungwa. Tukifika, mtaa mzima wa dawa umefungwa kana kwamba kuna matanga. Tulijua kilichokuwa nyuma ya milango ile, kwa sababu akina mama walikuwa wakituletea chupa za dawa ya malaria ya watoto zilizokwisha muda, zikabandikwa lebo mpya juu ya ile ya zamani. Ofisini mkubwa wetu akasema kuna mmoja wetu anayetoboa siri, na akasema huku akinitazama mimi, mtoto wa upande wa Malaba. Nilianza kuogopa kuitwa kwa jina.

Aliyenifumbua macho ni Mama Akisa, yule ambaye duka lake halikufungwa hata siku moja kwa sababu mambo yake yalikuwa sawa. Aliinama juu ya kaunta akanong'ona: "Madam, hakuna mtu anatuambia. Ni mzee yako. Wakiona hotpoti ya kijani imepita, wanajua uko, wanafunga. Usimkasirikie, yeye hajui."

Nilikuja nyumbani, nikakueleza aliyoniambia. Nikakuambia usije tena. Ukaendelea kumenya njugu zako. Nilidhani nimekuumiza. Kumbe ulikuwa unapiga hesabu zako.

"Wacha nilete kila siku," ukasema. "Niende kama uko, niende kama hauko. Sasa watajuaje?"

Nilicheka, nikadhani ni utani. Hukuwa unatania. Ulipita mtaa ule na hotpoti jua likiwaka, ulipita mvua ikinyesha na mfuko wa plastiki kichwani. Mwanzoni waliifunga milango kila ulipotokea, wakakaa ndani gizani wakipoteza wateja bure. Wakachoka. Wakakuzoea. Tulipofika siku moja, wewe ukiwa umeshatangulia, maduka yote yalikuwa wazi, na katoni za dawa ile ya watoto tulizibeba zikajaa gari. Mkubwa wetu hakuniangalia vile tena. Wewe hukuuliza tumepata nini. Uliuliza kama kunde zilikolea chumvi.

Kuna jambo sikuwahi kukuuliza. Siku ambazo sikuwepo, nilipokuwa huku Busia nikihesabu glavu na vipima sukari kwenye maghala, ulikuwa unafanya nini na chakula chote kile? Nilijiambia labda hotpoti ilikuwa tupu. Mama Akisa alinieleza siku ya mazishi. Hukuwahi kuja na hotpoti tupu. Uliketi kwenye ngazi zetu, ukanawa, ukala nusu, ukafunika nusu nyingine, ukangoja mpaka saa ya chakula ipite. Madereva wa malori wakikuuliza unamngoja nani, unasema unamngoja mkaguzi. Wakikuuliza kama atakuja leo, unawajibu kwamba hiyo ni siri ya serikali.

Nililia kwa hiyo siri ya serikali kuliko nilivyolia ulipoteremshwa kaburini. Nilidhani mpweke ni mimi. Kumbe sote wawili tulikuwa tukila peke yetu, kila mtu upande wake, ili mimi nibaki na kazi.

Basi jana. Nilikuwa likizo. Nililala nyumbani kwako, nikaamka nikasonga atapa, haikutoka laini kama yako. Nikaifunga hotpoti nyuma ya baiskeli yako kwa mpira ule ule. Sikuvaa koti la kazi, nilijifunga leso kichwani, na gari la ofisi lilikuwa Busia. Nikaingia mtaa wa dawa polepole, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, hotpoti ikionekana na kila mtu.

Hakuna aliyefunga. Vijana wa duka la kona waliitazama, wakaendelea kuuza. Mama Akisa alisimama, akainua mkono kama anayetaka kumsalimia mtu, akaushusha.

Niliketi kwenye ngazi zetu, nikanawa mikono vizuri. Nikala nusu, nikafunika nusu. Ulifanya kazi yako vizuri mno, Baba. Hotpoti yako haimtishi mtu yeyote Malaba. Nami nilikaa pale nikitamani mlango mmoja tu ufungwe, ili nijue kuna mtu bado anaamini kwamba leo tunakula pamoja.

Pumzika, mzee wangu. Hotpoti nimeiosha, iko juu ya kabati.

Ni mimi binti yako,
mkaguzi uliyekuwa ukimngoja