Nakala ya Tarehe 14 Januari

3 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Kifua kimepoa? Sisi tupo. Baba anakula, ila mkono na mguu wa kushoto bado vimelala, na kumgeuza kitandani ni kazi ya watu wawili ninayoifanya peke yangu.

Kompyuta imegoma. Inatoa maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, basi. Shajara yangu imo humo, pamoja na miaka hii mitatu, siku kwa siku, tangu uondoke. Wewe ndiye fundi, nifanyeje?

Halafu kuna hili: chuo cha uuguzi kimenipa nafasi. Mwisho wa kuripoti ni tarehe 31. Njoo ukae na Baba, kama ulivyoahidi.

Dada yako

12 Mei

Dada,

Shikamoo, na Mzee umpe shikamoo yangu. Kifua kimepoa.

Kwenye droo kuna diski ya nje yenye nakala ya mfumo mzima, niliitoa siku niliyoondoka. Lakini nisikilize, maana nakujua ukishika jambo huachii: kurejesha nakala hakuongezi kitu. Kunafuta vyote na kuirudisha kompyuta ilivyokuwa siku ile. Usiguse kabla fundi hajakutolea shajara.

Hongera ya chuo! Unesi utakufaa, kufokea wagonjwa umeshazoea. Habari ya kuja tutaongea.

Mdogo wako

19 Mei

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Baba nimemsomea barua, akacheka kwa upande mmoja.

Imenikuta nimeshamaliza. Diski niliiona mwenyewe, imefungwa kwa mpira pamoja na karatasi ya maelekezo yako. Nikafuata hatua moja moja, kila moja naiwekea alama ya vema. Sikuwa na wasiwasi, shajara nilikuwa nainakili kila jioni bila kukosa. Nakala nilikuwa naiweka kwenye folda ya pili, kompyuta hiyohiyo.

Imewaka kama mpya. Miaka mitatu haimo. Ukurasa wa mwisho ni wa tarehe 14 Januari, siku uliyoondoka: "Mdogo wangu ameniomba miezi mitatu tu, kisha aje tupokezane kwa Baba."

Shajara sitailia. Nataka jibu: unakuja lini? Begi langu liko mlangoni, na Baba analiona.

Dada yako

27 Mei

Dada,

Shikamoo. Pole sana kwa shajara, na pole kwa kumuuguza Mzee.

Bosi kasafiri, kaniachia funguo za karakana. Nikiondoka sasa, kazi imekwenda. Si kwamba sitaki, Dada. Waombe chuoni wakusogezee mbele. Nipe miezi mitatu tu, kisha nije tupokezane.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Sisi wazima, Baba hajambo kidogo.

Chuo hakisogezi. Nafasi wamempa mwingine. Begi nimelirudisha juu ya kabati, maana Baba alikuwa halali, analitazama.

Shajara nimeianza upya, na nakala sasa naiweka kwenye diski ya nje, kama inavyotakiwa. Siku barua yako ilipofika nilikaa kuandika, nikaona sina haja ya kupoteza maneno. Nilinakili ule ukurasa wa tarehe 14 Januari vilevile ulivyo. Nilichobadilisha ni tarehe tu.

Dada yako