Kabeni Mbili, Nilisema

Jumamosi, Machakos. Ukungu umekalia vilima vya Iveti tangu asubuhi, baridi ya Julai imetushika masikio, na jua halina habari na sisi. Mimi nasikia joto. Leo nimepiga kelele ya furaha hadi jirani akaja mlangoni kuuliza kama kuna msiba.

Kwa mgeni wa blogu hii: nasomea uzamili wa kemia, na maisha yangu yote siku hizi ni molekuli moja. Ndani yake kuna atomu ya fedha, fedha hii hii ya bangili, na kitu kinachoitwa kabeni. Kabeni ni atomu ya kaboni iliyobanwa kati ya naitrojeni mbili, yenye elektroni mbili inazotafuta pa kuzipeleka. Fedha huzipokea, kama wanavyozipokea ndugu zake shaba na dhahabu, na hapo ndipo kifungo huzaliwa. Ugomvi wetu ulikuwa mmoja tu: fedha yangu imeshikwa na kabeni ngapi?

Mimi nilisema mbili, moja kila upande. Daktari Mutua, msimamizi wangu, alisema moja, na upande wa pili klorini. Vipimo vya maabara yetu havikuweza kutuamua. Akanipa hadi Jumatatu hii: nilete picha ya eksirei, au nifute sura yote ya tatu. Bila sura hiyo sihitimu mwaka huu.

Picha ya eksirei hutaka fuwele, chembe safi kama ya chumvi. Fuwele hukua polepole, kichupa kikiwa kimetulia gizani, maana mwanga huigeuza fedha ikawa nyeusi. Kutulia ndiko kulikonishinda. Kila asubuhi nilifungua kabati, nikabandua foili, nikainua kichupa nichungulie. Mara mbili niliambulia tope jeusi. Nikailaumu kemia, nikalaumu stima inayopotea kila mara, nikamlaumu hata aliyetuuzia kemikali. Kwetu hakuna anayefunua sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe yetu, kila dakika akitegemea yaive. Lakini mimi niliyelelewa na isyo nikawa nafunua.

Mara ya tatu nilimpa Kioko, mwenzangu wa maabara, ufunguo wa kabati, nikaenda Mitaboni kumsaidia mama kuvuna mbaazi. Nilimwambia asinirudishie hata nikilia. Haikupita wiki nikampigia simu, nikilia kweli.

"Wewe endelea na mbaazi zako," akasema. "Hii kabati iko na mwenyewe saa hii."

Nilimchukia sana. Nikazirudia mbaazi kwa hasira mpaka mama akasimama kuniangalia. "Mwiitu wakwa, binti yangu, hizo miti zimekukosea nini?"

Niliporudi mjini, Kioko alifungua kabati mwenyewe. Chini ya kichupa kulikuwa na vijiti vyeupe, vyembamba, vinavyometa. Tukavifunga gizani tena, tukavituma Afrika Kusini kwenye mashine ambayo sisi hatuna, nami nikaanza kuogopa upya. Nakiri hapa: sikuwa na hakika. Ubishi wangu ulikuwa mkubwa kuliko ushahidi wangu, na wiki hii nilishaanza kuifuta ile sura, aya moja moja, nimenuna.

Leo baada ya chai, barua pepe ikaingia. Nikafungua picha.

Kabeni mbili.

Fedha iko katikati, kabeni huku, kabeni kule, karibu kwenye mstari ulionyooka kabisa. Klorini zimejitenga pembeni, zimeshika atomu nyingine ya fedha, yao wenyewe. Niliigeuza picha kwenye kompyuta, juu, chini, ubavuni, nikihofu kwamba macho yananidanganya kwa kunionea huruma. Zilibaki mbili. Ndipo nikapiga ile kelele.

Kioko nilimpigia wa kwanza. Nilitaka kumshukuru kwa maneno mazuri, nikaishia kucheka tu, naye akacheka, akasema nimpelekee mbaazi.

Kisha nikamtumia Daktari picha. Nilitembea chumbani nikisubiri. Akapiga simu.

"Mwende, nimeiona. Ni mbili kweli. Mimi nilikuwa nimeapa ni moja. Usifute kitu. Jumatatu kuja na hiyo picha. Nitaita walimu wote wa idara, tutakaa chini, utufunze."

Utufunze!

Nimezirudisha aya zote nilizokuwa nimefuta, na nimeongeza moja. Sasa napiga pasi ile sketi yangu ya buluu, huku najiuliza sauti yangu itatetemeka au la. Itetemeke tu ikitaka. Jumatatu wao watakaa, na mimi nitasimama.