Meno ya Baba na Juisi ya Boksi

Jumatatu, 3 Machi

Sukari ya Baba imepanda tena. Daktari wa kliniki hakuzunguka: juisi basi, ale matunda yenyewe. Baba akamuuliza atayala kwa meno gani. Daktari akanitazama mimi! Fundi wa meno ya bandia miaka tisa, na baba yangu mzazi ana fizi tupu mwaka wa tatu huu. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini aibu niliipata.

Nimeamua. Namtengenezea seti nzima, juu na chini. Mwezi huu huu.

Jumatano, 5 Machi

Baba kaja kazini kwetu. Kwa kawaida vipimo vya mdomoni huvichukua daktari wetu wa meno. Mimi huletewa umbo la fizi la plasta na nta iliyoumwa tu, mgonjwa mwenyewe simwoni. Leo nikamwomba aniachie. Baba yangu, mikono yangu! Akacheka, akaniachia.

Kazi yenyewe dakika tano. Mgonjwa anauma kipande cha nta, anatulia, napata alama ya taya zinavyokutana. Lakini Baba na kutulia! Boksi la juisi mkononi, nta mdomoni, anabisha. Alikagua mizigo ghalani miaka thelathini na moja, na kwake kitu kisicho na lebo hakijakamilika. Juisi imeongezwa vitamini C, imeongezwa D, imeongezwa kalsiamu. Imeandikwa! Chungwa limeandikwa nini?

Nilicheka mpaka miwani ikapata ukungu. Nta nikaichukua hivyo hivyo.

Jumanne, 11 Machi

Meno tayari. Mazuri, jamani! Baba kayavaa, kajitazama kwenye kioo, kamwita Mama. Mama kasema anafanana na yule aliyekuja kumposa, ila yule alikuwa na nywele. Na anavyoongea sasa — kama mtangazaji wa redio.

Kisha papai. Papai, jamani, laini vile! Halikutafunika. Kulia yanagongana, kushoto hayakutani kabisa. Akayavua, akajimiminia juisi. Usihuzunike, mwanangu, akasema, ya kuongelea ninayo.

Nimelia kidogo chooni. Kosa nimelijua: nilipima taya za mtu anayebisha. Nimemtengenezea baba yangu meno ya kubishia.

Jumatano, 12 Machi

Lazima nipime upya, na lazima anyamaze. Daktari wetu anasema wagonjwa huambiwa wameze mate, taya zikutane zenyewe. Baba? Anameza na kuendelea.

Nimekaa na boksi lake na kitabu cha lishe nilichoazima kliniki. Karatasi nimeigawa pande mbili, haki bin haki. Nakiri, boksi linaongoza: vitamini C nyingi kuliko chungwa, na D ambayo chungwa halina kabisa. Nilinuna! Kisha nikafika kwenye sukari.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempa nta, nikamsomea karatasi. Sikumficha kitu. Vitamini — boksi juu. Akanyanyua kidole cha ushindi, mdomo hajaufunga. Nyuzinyuzi — chungwa gramu tatu, boksi karibu na sifuri. Akasema nyuzi ni za kushonea. Sukari — chungwa moja gramu kumi na mbili, tena inaingia mwilini polepole. Glasi yake moja, ishirini na sita. Na kwa siku anakunywa tatu! Imeandikwa hapa, Baba, upande wa nyuma, herufi ndogo.

Akalichukua boksi. Akasogeza miwani. Akasoma. Akanyamaza! Midomo imekutana, taya zimetulia. Uma hapo hapo, nikapiga kelele. Akauma. Alama safi kabisa!

Baadaye akaniuliza taratibu imekuwaje yeye, mkaguzi mzima, asigeuze boksi. Nikamwambia na mimi, fundi mzima, nilipima mtu anaongea. Tukacheka sisi wawili mpaka daktari akachungulia.

Jumamosi, 22 Machi

Seti mpya tayari, na papai limeliwa! Sahani nzima. Kulia, kushoto, bila kugongana. Boksi hajaligusa wiki nzima, na sukari ya asubuhi imeshuka. Nina furaha!

Nimemwonya: tufaha akate vipande. Asiling'ate kwa meno ya mbele, seti itang'oka. Kaitikia vizuri mno. Simwamini.

Jumapili, 23 Machi

Naandika mbio, niko mlangoni mwa sebule. Baba ana tufaha zima. Zima! Kisu kiko pembeni, hakitazami. Mama anamsihi, mzee, likate basi. Anajibu amekula kwa kijiko miaka mitatu, leo hakati kitu. Nimeinuka kumzuia. Nimekaa. Nimeinuka tena.

Kang'ata! Nimesikia lilivyovunjika mpaka huku. Anatafuna, kafumba macho, maji ya tufaha yanamtiririka kidevuni mpaka kwenye shati. Mama analia na kucheka. Ila meno ya juu yamelegea, nayaona, yanacheza. Nimwambie? Ana furaha huyu mtu! Ngoja ameze kwanza —