Waridi Hafifu, Si Nyeupe

Baba Pacha, wewe na hao wanao,

Chai iko kwenye chupa. Maharage yamechemka, yamebaki kuungwa tu. Taulo mpya za waridi zisiguswe, hasa na yule anayependa kufutia viatu.

Fundi rangi atarudi saa nane. ~~Mwambieni apake nyeupe, mmeshinda.~~

Miezi miwili nimebandika vipande vya rangi kwenye ukuta wa bafu, nikivitazama asubuhi na jioni, nikiwauliza mnaonaje. Hakuna aliyejibu. Leo fundi kafungua kopo la waridi hafifu, ndipo macho yako yakafumbuka. Mswaki mdomoni, ukamwambia: "Paka nyeupe, huyu atazoea. Mimi siogi ndani ya keki." Pacha wakacheka mpaka wakashikana. Hata fundi akacheka, na kikombe changu cha chai kikiwa bado mkononi mwake.

Nimezoea mengi, Baba Pacha. Rangi ya sebule ulichagua wewe, ya chumbani wewe, ya jikoni mama yako. Nikasema yaishe.

Lakini bafu ndicho chumba pekee humu ndani ninachofunga mlango nikawa peke yangu, dakika kumi, kabla hamjaanza kugonga mkiuliza soksi ziko wapi. Nilitaka angalau kuta za huko ziwe upande wangu.

Niko kwa dada yangu. Mvua ikinyesha, anueni nguo. Rangi ni waridi. Mkipaka nyeupe, maharage mtaunga wenyewe, leo na kesho na keshokutwa.

Mtazoea.

Mama Pacha