Kitana cha Ng'amba Ulichomtumia Mkubwa Wangu

Kimironko, Kigali
Jumatano jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Athumani amefika salama, na ameniambia mguu wako umepungua uvimbe na kwamba sasa unafika kisimani bila kuketi njiani. Nimemwuliza mara mbili, maana najua huwaagiza watu waseme umepona. Je, ni kweli? Na vidonge vya presha unameza kila siku, au unangoja mpaka kichwa kianze kuuma? Mimi ni mzima. Baridi ya asubuhi bado inanishinda, lakini chumba ni kikavu na majirani ni watu wema.

Watu wa hapa hawaachi kuniuliza ofisi ya kasa wa baharini inatafuta nini huku milimani. Innocent, dereva wetu, hunitania kila nikiingia: "Karani, leo samaki yako iko wapi?" Namwambia kasa si samaki. "Iko kwa maji, basi iko samaki," anasema, na kucheka peke yake. Sababu ni nyepesi, mama. Wajumbe wa nchi nyingi wanaweza kuingia Kigali bila kuhangaishwa na viza. Kasa anataga kwetu na kwenda kulisha kwa wengine, kwa hiyo kila nchi ikilinda kivyake, anayesalimika kwetu anauawa kwa jirani. Ofisi yetu inazikutanisha nchi hizo. Mimi naandika mihtasari na kuhakikisha kila mjumbe amepata karatasi kwa lugha yake.

Wiki hii ndiyo ya mkutano, na Athumani amekuja kwa niaba ya walinzi wa mayai ya kasa wa kisiwani kwetu. Jumapili nilimpokea uwanja wa ndege. Alitoka amekunja uso.

"Zuhura, nchi gani hii? Wamechukua mfuko wa nailoni wa mama yako!"

"Nilikuandikia usije na nailoni. Hairuhusiwi hapa."

"Basi visheti nimevikumbatia kama mtoto mchanga. Shika." Akanipa bunda la kanga. "Na hicho kilicho katikati si chako. Mama yako kasema umpe mkubwa wako wa kazi. Mwanamke aliyekuajiri hawezi kuachwa hivihivi."

Nilikifungua chumbani. Kilikuwa kile kitana chako cha gamba la ng'amba.

Mama, nia yako niliielewa palepale. Kwetu mtu akimshika mkono mtoto wako, humwachi bila kitu, na ulitoa kilicho bora kabatini. Lakini ofisi hii ipo ili gamba la ng'amba lisivuke mpaka, na aliyelivusha ni mlinzi wa mayai. Athumani hakuwaza lolote. Kwake ng'amba ni yule kasa anayetambaa ufukweni. Kitana ni kitu cha kichwani.

Nilikifungia kwenye droo ya meza yangu ya ofisini. Jumatatu wajumbe walijadili kifungu cha bidhaa za gamba, nami ndiye niliyekuwa nikiandika. Sikumbuki mengi ya siku ile ila ufunguo uliokuwa mfukoni mwangu. Wakati wa chai Athumani aliniita toka upande wa pili wa ukumbi:

"Umeshampa?"

"Bado."

"Unangoja nini? Kitage?"

Watu waliojua Kiswahili walicheka, ingawa hawakujua wanachekea nini.

Jana mchana niliingia kwa Madamu Uwase, mkubwa wangu. Amekulia Mwanza, kwa hiyo hakuna neno la Kiswahili la kumpita. Nilikiweka juu ya meza. Hakukigusa.

"Nani amekileta?"

"Athumani, Madamu. Ametumwa na mama yangu. Ni zawadi yako."

"Yangu? Mama yako ana moyo mzuri. Nawe unacho tangu lini?"

"Tangu Jumapili."

"Kilikuwa wapi?"

"Kwenye droo. Nimeifunga."

"Basi ulikificha."

"Niliogopa, Madamu."

"Naona. Sitakufukuza kwa kuletewa kitu, Zuhura. Nitakufukuza ukiniandikia uongo."

Akanipa fomu. Nimejaza jina la aliyetuma, la aliyebeba na la aliyepokea. Mstari uliobaki unauliza nani alikitengeneza, na lini. Ikiwa ni cha kabla ya marufuku ya gamba, kitaandikishwa kama kitu cha urithi, kitabaki ofisini kwa kufundishia, na Athumani atapewa onyo tu. Ikiwa ni cha baadaye, jalada litapelekwa kwa wakubwa wa huko nyumbani, na jina lake litaondolewa kwenye orodha ya walinzi. Nilipomweleza alikaa kwenye ngazi za ofisi, kofia mkononi.

"Mama yako aliniambia ni cha bibi yako. Andika ni cha bibi, yaishe."

Hata mimi nimeambiwa hivyo maisha yangu yote. Lakini nakumbuka siku moja, kabla sijaanza shule, marufuku ikiwa tayari ipo, ng'amba alikuwa nyuma ya jiko letu, na marehemu baba akimmwagia maji ya moto mgongoni ili magamba yabanduke. Ulinituma chumvi kwa jirani, na chumvi tulikuwa nayo. Idi iliyofuata ulikuwa na kitana kichwani. Huenda vitana vilikuwa viwili. Huenda gamba lile liliuzwa. Nilikuwa mdogo, na siwezi kujaza fomu kwa kumbukumbu ya mtoto. Wewe unajua.

Sikukupigia simu kwa makusudi. Nikisikia sauti yako ikisema ni cha bibi, nitaamini na nitaandika. Kwa hiyo isome barua hii mwenyewe, polepole, usimpe mtu akusomee, kisha uniandikie kilichokuwa. Si kwa ajili ya baba. Yeye hadaiwi tena na mtu. Madamu amenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Nisalimie shangazi Mwanahawa, mwambie sweta aliyonifumia naivaa kila siku. Msalimie mdogo wangu Saidi, asiache masomo ya jioni, na Maalim Bakari aliyenifundisha kushika kalamu. Na mke wa Athumani mpe salamu zangu, ila habari hii mwachie mumewe amweleze.

Barua hii anakuletea Athumani mwenyewe. Leo nimemsomea yote, hata pale nilipomtaja baba na maji ya moto. Aliichukua mkononi, nikadhani ataichana. Kisha akasema, "Funga. Nitampa mkononi."

Mwanao akupendaye,
Zuhura